Kabla Umwambie Msanii Aimbe Kizungu, Skiza First Love Kwanza

Wasee, leo niko na neno na wale watu ambao msanii wa Kenya akitoa ngoma tu, wako hapo na ushauri: "Poa, lakini ungeimba Kizungu ungefika mbali." Mnawajua. Hata biti haijafika kwa korasi na mtu ashampangia msanii safari ya Marekani. Wako kwa redio, wako kwa lebo, wako kwa WhatsApp ya familia, na wengine ni marafiki wangu kabisa.

Sitaki kubishana kwa hisia. Nataka tuangalie albamu moja ya Kijapani, ju naona inajibu hii maneno vizuri kuliko mjadala wowote tumewahi kuwa nao hapa.

Albamu inaitwa First Love, ya Hikaru Utada. Ilitoka tarehe 10 Machi 1999, kabla wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa. Mwenye albamu alikuwa na miaka 16. Umri wa mtu wa Form Two anayetafuta sare yake ya michezo. Wiki ya kwanza peke yake iliuza zaidi ya nakala milioni 2. Mwishowe ikapita milioni 7.6 ndani ya Japani, na hadi leo hakuna albamu nyingine imewahi kuuza hivyo nchi hiyo.

Japani wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 126. Piga hesabu: karibu CD moja kwa kila watu 17. Chukua matatu ya watu 14, ongeza dere, ongeza makanga, ongeza yule amekalia sambaza. Katika hiyo gari nzima, mtu mmoja ako na First Love kwa begi. Gari inayofuata, hivyo hivyo. Nchi mzima.

Wengi wetu tuliijua kupitia Netflix, Novemba 2022, ile series ya Kijapani yenye jina hilo hilo, iliyojengwa juu ya wimbo First Love na mwingine wa Utada wa baadaye, Hatsukoi. Watu walilia, wakatafuta wimbo, wakaujua wote kwa sauti bila kujua neno moja la Kijapani. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa sehemu tamu. Hii hadithi si ya msanii ambaye hakujua Kizungu akaimba lugha yake kwa kukosa njia. Utada alizaliwa New York mwaka 1983. Alikulia kati ya New York na Tokyo, akasoma shule ya Kimarekani huko Tokyo, na baada ya umaarufu akaenda Columbia University kwa muda mfupi. Kizungu chake ni kile cha kuzaliwa nacho. Na kabla ya First Love, alikuwa ashaimba Kizungu. Mwanzo wa mwaka 1998 alitoa albamu nchini Japani inaitwa Precious, kwa jina la Cubic U. Nyimbo ni za R&B, Kizungu kitupu, msanii ni huyo huyo, sauti ni hiyo hiyo. Ilipita kimya. Ni baada ya First Love kulipuka ndio Precious ilirudishwa sokoni na watu wakaikimbilia.

Kati ya hizo albamu mbili kuna nini? Miezi kama 14. Nchi ni ile ile, na pesa za mashabiki ni zile zile. Mtoi mwenyewe amekua mwaka mmoja. Kilichobadilika ni kwamba tarehe 9 Desemba 1998 alitoa singo ya kwanza kwa jina lake, Automatic na Time Will Tell, akiimba Kijapani. Hiyo singo ikauza zaidi ya milioni 2. Video ya Automatic ni mtu anacheza ameinama karibu na sofa ya njano, ni kama dari liko chini sana. Basi. Hakuna gari kali, hakuna madansa 20. Nchi ikasimama.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Lakini umesoma majina ya nyimbo? Automatic, In My Room, Never Let Go, Give Me a Reason. Hiyo si Kizungu?" Asante, umenisaidia. Karibu majina yote ya nyimbo kwa hiyo albamu ni ya Kizungu. Korasi ya First Love yenyewe inaingia na Kizungu kisha inaendelea na Kijapani, bila kuomba ruhusa. Na hapo ndio kuna fundisho ambalo watu wa "imba Kizungu" hawalioni, na watu wa "imba Kiswahili sanifu" pia hawalioni.

Utada aliimba vile anaongea. Mtoto wa nyumba ya lugha mbili, anayefikiria kwa moja na kukasirika kwa nyingine, akaandika nyimbo zake mwenyewe kwa hiyo lugha ya katikati. Mama yake, Keiko Fuji, alikuwa nyota wa enka, zile nyimbo za Kijapani za majonzi, za kuvuta sauti mpaka itetemeke, na alitikisa Japani mwaka 1970. Mtoto alisikiza R&B ya Marekani. Mimi nikiskiza First Love nasikia hizo redio mbili zikicheza nyumba moja. Kizungu kiko pale ju kilikuwa pale nyumbani. Hakikuletwa ndio Mmarekani aelewe; Mmarekani hakuwa kwa hiyo hesabu hata kidogo.

Sisi hiyo kitu tuko nayo. Tunaiita Sheng. Tunaiita kuongea tu.

Kuna sababu nyingine inafanya hii albamu ituhusu, na ni ya kiufundi kidogo, vumilia. Kijapani na Kiswahili hazina undugu wowote, lakini maneno yao yanatembea namna moja. Silabi karibu zote zinaishia na vokali. Skiza: Toyota, Yamaha, Hikaru. Sasa skiza: kitabu, barua, makanga. Ndio maana majina ya Kijapani hayajawahi kutupa shida. Kuna mtu kijijini hajawahi ona ramani ya Japani lakini anatamka Toyota vizuri kuliko Mwingereza. Hata neno la Kizungu likija kututembelea, wote tunalivisha vokali kabla liingie nyumba. Mjapani anasema basu, sisi basi. Yeye hoteru, sisi hoteli.

Sasa lugha za namna hii zimesumbuliwa sana na watu wa R&B na rap. Ati silabi ni nyingi, neno ni refu, haliwezi kaa kwa biti. Kizungu kina maneno mafupi unaweza kurusha popote. Lakini "ninakupenda" ni silabi tano, na hujasema hata jina la mtu unayempenda.

Utada alifanya nini? Alikata neno mahali ambapo mtu akiongea hawezi kulikata. Skiza mwanzo wa Automatic. Sauti inasimama katikati ya neno, biti inapita, kisha neno linamaliziwa upande ule mwingine. Ukiwa umezoea wimbo ambao kila neno linatolewa zima na kuwekwa mezani kama sahani, hiyo ilikuwa kitu geni. Hakuwa wa kwanza kuleta R&B Japani, tuwe wakweli, MISIA alikuwa ametoa singo yake ya kwanza mapema mwaka huo huo wa 1998. Lakini ni mtoi wa miaka 15 aliyeonyesha nchi mzima kwamba lugha yao haikuwa na shida. Ilihitaji tu mtu wa kuikunja.

Nairobi tulipitia hiyo hiyo shule. Kabla ya Kalamashaka, kulikuwa na watu wanaamini rap ni ya Kizungu na Kiswahili ni cha taarifa ya habari. Vijana wa Dandora wakaja na Tafsiri Hii miaka ya 1990, na hayo maneno yakaisha. Halafu mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakachukua neno la Kijaluo la kutishwa, wakaliweka kichwa cha Kizungu na mkia wa Kizungu, likawa Unbwogable. Hilo neno halikuwa kwa kamusi yoyote duniani. Likaimbwa kwa kampeni za uchaguzi wa mwaka huo na watu wa kila kabila, na hakuna mtu alisimama katikati ya mkutano kuuliza tafsiri.

Sasa turudi kwa Utada, ju hadithi haikuishia 1999, na sehemu inayofuata ndio wengi huiruka.

Mwaka 2001 albamu ya pili, Distance, iliuza nakala milioni 3 wiki ya kwanza. Ukiwa kwa hiyo hali, watu wanaanza kukuambia nini? Enda Marekani. Na Utada akaenda. Mwaka 2004 akatoa Exodus, Kizungu, kwa jina la Utada peke yake, chini ya Island Def Jam, na Timbaland akiwa kwa baadhi ya nyimbo. Mambo yote ambayo washauri wetu husema msanii anahitaji yalikuwepo: Kizungu safi, lebo kubwa ya Marekani, prodyusa wa moto.

Kwa chati ya Billboard 200 ilifika nambari 160.

Sisemi ni albamu mbaya. Mimi naipenda, ni ya ajabu kwa njia nzuri, na Devil Inside ilifika nambari moja kwa chati ya Billboard ya muziki wa klabu. Lakini angalia nani aliinunua. Exodus iliuza zaidi ya milioni moja Japani. Wale watu ambao iliandikwa kwa lugha yao wengi waliipita kama hawajaiona, na wale wa nyumbani, ambao wengi wao hawakuelewa maneno, ndio waliingia mfukoni. Walikuwa wanamfuata mtu wao.

Hiyo ndio hesabu nataka washauri wetu waifanye. Marekani haikuwa na upungufu wa watu wanaoimba Kizungu juu ya biti ya Timbaland. Ukienda huko na kitu wako nacho tayari, uko kwa foleni. Ukienda na kitu hawana, angalau watageuza kichwa.

Na ona vile dunia ilimjua kweli. Mwaka 2002, kabla ya Exodus, mchezo wa video Kingdom Hearts ulitoka na wimbo wake: Hikari kwa Kijapani, Simple and Clean kwa Kizungu. Watoto wa nchi nyingi walikua na huo wa Kizungu, na huu mfano mtu anaweza kunitupia usoni: "Si unaona, Kizungu kilifanya kazi!" Ndiyo, kilifanya. Lakini weka hizo mbili pamoja uone. Simple and Clean haikutafsiriwa kutoka Hikari. Melodi zinafanana lakini maneno yanasema mambo tofauti, ju Utada alikaa chini akaandika upya, kama mtu ambaye ako na kitu cha kusema kwa hiyo lugha. Hiyo si sawa na msanii wa Umoja kuambiwa achukue vesi yake ya Sheng aibadilishe iwe Kizungu cha mahojiano ya kazi.

Kisha Aprili 2022 Utada akapanda jukwaa la Coachella, California. Miaka 18 baada ya Exodus. Aliimba nini? Simple and Clean ilikuwepo, sawa. Lakini aliimba pia Automatic, na First Love, zile zile za 1999, kwa Kijapani, mbele ya umati wa jangwani ambao wengi wao hawakuwa wanaelewa. Miezi michache baadaye ile series ya Netflix ikaja, na ule wimbo ukaingia nyumba zetu pia. Wimbo uliovuka bahari ni ule ambao haukuwa unajaribu kuvuka.

Sasa wacha nijibu hoja nzito, ju ziko.

Ya kwanza: "Japani ilikuwa na doh." Kweli kabisa. Lilikuwa soko la pili kwa ukubwa duniani kwa muziki, na mwisho wa miaka ya 1990 ndio ulikuwa wakati CD zinauza kuliko wakati wowote huko. CD ilikuwa karibu yen 3,000, na watu walinunua. Msanii wa Kenya hana hiyo. Lakini hoja yenyewe inanipa nguvu. Kama mashabiki wa nyumbani ni wachache wenye pesa, basi unawahitaji zaidi, si kidogo. Msee anayejaza onyesho lako Ijumaa ni wa Kayole na Rongai, ni wa Kisauni na Kondele. Yule wa Stockholm akikuskiza mara moja akiosha vyombo, nashukuru, lakini hatalipa rent yako.

Ya pili: "Dunia haielewi Sheng." Ndugu yangu, babako amecheza Lingala tangu kabla hujazaliwa. Muulize Franco alikuwa anasema nini. Atakuambia, "Hiyo ni ngoma bwana," na aendelee kucheza. Sisi wenyewe tunapiga kelele kwa amapiano ya Kizulu kila wikendi. Tunajua korasi za Kikorea. Bongo waliimba Kiswahili chao na wakatukuta hapa hapa. Kwa nini sisi tuna uvumilivu na lugha za kila mtu, halafu tukidhani dunia haitakuwa na uvumilivu na yetu?

Ya tatu, na hii naiheshimu: "Mimi nimekulia Kizungu, ndio lugha ya nyumba yetu." Basi imba Kizungu, na uimbe kama hakuna kesho. Kuna watoto wa Nairobi ambao wanaota kwa Kizungu na hawana deni na mtu. Sileti uzalendo wa kulazimishana hapa. Utada mwenyewe, mwezi wa Januari 2022, alitoa Bad Mode, albamu inayotembea kati ya Kijapani na Kizungu kwa uhuru. Swali langu ni moja tu: hiyo lugha umeichagua, ama umechaguliwa na mtu anayefikiria chati za nchi hajawahi kutembelea?

Hii kitu si ya wanamuziki peke yao ndio maana naichukulia serious. Mwaka jana wakala mmoja wa matangazo aliniita mkutano, tukaongea vizuri, chai ikaletwa, halafu nikaambiwa maudhui yangu ni mazuri lakini "lugha inakufunga". Nihamie Kizungu, nipunguze Sheng, ndio watazamaji wa nje waje, ju wao ndio huleta pesa nzuri. Na hawakudanganya, tangazo linaloonekana na mtu wa Marekani hulipa zaidi ya linaloonekana na mtu wa Githurai. Nililala na hilo wazo siku kadhaa. Rent ni rent.

Lakini kila nikijaribu kuandika hii post kwa Kizungu, inakuwa post ya mtu mwingine. Inakuwa na adabu. Ile sambaza ya kwa matatu inapotea, ju hakuna Mmarekani ataijua, na nikianza kuieleza kichekesho kimekufa. Nikitoa sambaza, nitoe makanga, nitoe babako na Lingala yake, nabaki na nini? Maoni ya kawaida kuhusu albamu ya kawaida, na kuna watu elfu wanafanya hayo tayari, kwa Kizungu kizuri kuliko changu. Nitakuwa nambari 160.

Kwa hivyo wewe ambaye uko kwa studio ya bedsitter hapo Zimmerman, godoro liko ukutani kuzuia kelele, na kuna mtu amekuambia vesi ya pili uirudie kwa Kizungu: muulize ni nani hasa anangoja hiyo vesi huko nje. Jina lake. Akikupa jina, fikiria. Asipokupa, rekodi ile ya kwanza.

Na nyinyi wengine, leo jioni fanyeni hivi. Skizeni Automatic, kisha Simple and Clean, kisha mmalize na First Love, mkiwa na earphones na bila kusoma maneno yake kwa simu. Halafu mniambie ni wapi hasa mlihitaji tafsiri.